Mafuta ya Ufuta na Goti Linalouma

Leo nazungumzia mafuta ya ufuta, ambayo watu wengi wa pwani na visiwani huyaita uto, na ambayo zao lake ndugu zetu wa Kenya na wa kaskazini mwa Uganda hulijua kwa jina la simsim. Nitayatazama kwa upande mmoja tu. Sokoni tunaambiwa kwamba yanaondoa uvimbe na maumivu ya viungo, na wapo wanaoapa kwamba ni kweli. Mimi nataka tuulize: ndani ya chupa ile mna kitu gani, kinafanya nini kikiingia mwilini, na kinatosha kufanya hivyo kwa kiasi tunachokula?

Nianze na jambo ambalo kila mwenye jiko anaweza kulishuhudia. Mafuta ya ufuta hukaa. Kamua alizeti na ufuta siku moja, kwenye mashine ya mtaani, bila kuyasafisha, kisha uyaweke kabatini. Ya alizeti yatatangulia kunuka. Na hili lilipaswa kuwashangaza wenye kuijua kemia, kwa sababu mafuta ya ufuta, kwa zaidi ya asilimia 40, ni asidi ya linoleiki, na hiyo ni aina ya mafuta ambayo oksijeni ya hewani huishambulia kwa urahisi. Kwa hesabu hiyo yangeharibika mapema. Hayaharibiki mapema, na kwa muda mrefu watu waliyahifadhia vyakula bila kujua ni kwa nini.

Jibu liko katika kundi la kemikali ambazo mmea wa ufuta huzitengeneza wenyewe, ziitwazo lignani. Naomba mzoee majina matatu: lignani mbili, sesamini na sesamolini, na mtoto wa sesamolini, sesamoli. Sesamini na sesamolini zimo ndani ya mbegu tangu shambani. Sesamoli ni kidogo sana katika mbegu mbichi, nayo huzaliwa pale sesamolini inapovunjika, hasa kwa moto. Ndiyo maana mafuta ya ufuta uliokaangwa, yale meusimeusi wanayoyapenda Wajapani na Wachina, hayanuki ukale upesi. Moto ulioipa mbegu harufu yake umeipa na mlinzi.

Jambo lililowavuta watafiti ni hili: kitu kinachoweza kuyalinda mafuta yasiharibiwe na oksijeni ndani ya chupa, je, kinaweza kufanya lolote ndani ya mwili wa mtu, ambamo oksijeni na mafuta hukutana kila dakika?

Kabla ya kwenda huko, tuelewane kuhusu uvimbe wenyewe. Ukiteguka kifundo cha mguu, mahali pale panapata joto, panavimba, panauma, na kwa mwenye ngozi nyeupe panakuwa pekundu. Madaktari huiita hali hiyo inflamesheni. Ni kazi ya ulinzi. Mishipa midogo ya damu inapanuka, maji yanapenya kuingia kwenye nyama, chembe nyeupe za damu zinafika kusafisha na kujenga. Kazi hiyo ikianza na kwisha ndani ya siku chache ni neema, na mwili usioweza kuifanya hufa kwa jeraha dogo. Taabu ni ile inayowaka pole pole kwa miezi na miaka bila kukoma: kwenye goti lililolika, kwenye kuta za mishipa ya damu, kwenye tumbo lililojaa mafuta. Hii ya pili ndiyo inayowafanya watu watafute uto.

Mwili huendesha kazi hiyo kwa kutuma wajumbe wa kikemikali. Baadhi yao huitwa prostaglandini, na wengine leukotrieni. Mwaka 1971, mwanasayansi wa Uingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini, dawa iliyokuwa imeshatumika zaidi ya miaka 70 bila watu kujua inavyofanya kazi, inazuia mwili usitengeneze prostaglandini. Kwa kazi hiyo na nyingine alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1982, pamoja na Wasweden wawili, Sune Bergström na Bengt Samuelsson. Tangu hapo, kila mtafiti wa dawa za maumivu anajua pa kutazama: wajumbe hawa wanatoka wapi, na nani anaweza kuwakatiza njiani?

Wengi wao wanatoka kwenye mafuta tunayokula. Asidi ya linoleiki, ile niliyosema imejaa kwenye ufuta, kwenye alizeti na kwenye mahindi, ikiingia mwilini sehemu yake ndogo hubadilishwa hatua kwa hatua. Katikati ya safari hiyo inafika kwenye njia panda. Upande mmoja inageuzwa kuwa prostaglandini za kundi la kwanza, ambazo kwa jumla ni wajumbe wapole. Upande wa pili inasukumwa hatua moja zaidi, inakuwa asidi ya arakidoni, na hiyo ndiyo inayozaa wajumbe wakali, wale wanaopandisha homa, wanaouma na kuvimbisha. Anayeisukuma kuvuka hatua hiyo ni kimeng'enya kimoja, ambacho wataalamu hukiita desaturesi ya delta 5.

Sasa twende Kyoto, Japani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Sakayu Shimizu na wenzake katika Chuo Kikuu cha Kyoto walikuwa wakifuga kuvu. Ndiyo, kuvu, aina iitwayo Mortierella alpina, inayojulikana kwa uwezo wake wa kutengeneza asidi ya arakidoni kwa wingi. Walikuwa wakijaribu kuilisha mafuta ya aina mbalimbali. Walipoitia mafuta ya ufuta, kuvu ile ikabadili tabia. Asidi ya arakidoni ikapungua, na ile asidi iliyoko kwenye njia panda ikajaa. Kuna kitu katika ufuta kilichokuwa kimefunga njia. Wakakitafuta, na mwaka 1991 wakachapisha matokeo: ni sesamini. Inakizuia kile kimeng'enya cha delta 5, inakigusa hicho na kuviacha vimeng'enya jirani vyake vikiendelea na kazi. Wakaona hivyo katika kuvu, wakaona hivyo pia katika ini la panya.

Naomba mlitafakari jambo hili, kwa sababu ndilo lililonifanya nichague mada ya leo. Aspirini inakatiza baada ya asidi ya arakidoni kupatikana. Sesamini inakatiza kabla, pale inapotengenezwa. Na inafanya hivyo ikiwa imechanganyika na mafuta yaleyale ambayo yangetumika kuitengeneza. Mbegu moja imebeba malighafi ya uvimbe na kizuizi chake kwa pamoja. Sidai kwamba mmea ulikusudia kutusaidia sisi. Mmea wa ufuta una maadui wake wa kupambana nao.

Na kwa kuwa nimetaja maadui, niruhusuni nichepuke kidogo, kwa maana njia hii inapita karibu na nyumbani. Wakulima wa pareto wa Iringa, Mbeya, Njombe na wa nyanda za juu za Kenya wanajua kwamba maua yao hutengenezwa dawa ya kuua wadudu. Mwaka 1940, Mmarekani aitwaye Eagleson alipata hataza kwa ugunduzi kwamba ukichanganya dawa ya pareto na mafuta ya ufuta, nguvu yake huongezeka sana. Mafuta peke yake hayaui mdudu. Lakini mdudu aliyepuliziwa pareto tupu anaweza kuivunja sumu mwilini mwake akazinduka, ilhali aliyepuliziwa pareto yenye ufuta hazinduki. Miaka miwili baadaye wakemia wakathibitisha kwamba sesamini ni mojawapo ya vitu vinavyofanya kazi hiyo. Inafunga vimeng'enya vya mdudu vinavyovunja sumu. Kemikali iliyotengenezwa viwandani baadaye kuchukua nafasi hiyo, na inayoandikwa mpaka leo kwenye makopo mengi ya dawa ya mbu, ina kipande cha umbo kilekile kilichomo kwenye sesamini.

Sisi binadamu nasi tunavyo vimeng'enya vya jamii hiyo kwenye ini, na hapo ndipo hadithi ya vitamini E inapoingia. Ufuta una aina ya vitamini E iitwayo gama-tokoferoli. Kwa kawaida ini huivunja aina hii upesi na kuitupa, likapendelea kubakiza alfa-tokoferoli. Mwaka 2000, watafiti wa Berkeley, Marekani, walionyesha kwamba gama-tokoferoli inapunguza utengenezaji wa prostaglandini kali katika chembe za ulinzi zilizokuzwa maabara. Ni kitu kizuri basi, lakini hakikai mwilini. Mwaka uliofuata, watafiti wa Hawaii waliwalisha watu wachache keki ndogo zenye ufuta kwa siku tatu tu, na gama-tokoferoli katika damu yao ikapanda kwa karibu asilimia 19. Wengine walikula vyakula vyenye kiasi hichohicho cha gama-tokoferoli, lakini kutoka kwenye jozi au mafuta ya soya, na haikupanda hivyo. Maelezo yanayokubalika ni kwamba sesamini hukifunga kimeng'enya kinachoivunja vitamini hiyo. Kwa hiyo ufuta unaleta vitamini na wakati huohuo unaizuia isitupwe.

Mpaka hapa, msikilizaji anaweza kusema: basi, nimesadiki, ngoja nikanunue galoni. Subiri.

Ninapenda sana mafuta haya, na kwa sababu hiyo sitaki yasemwe uongo. Tufanye hesabu. Katika majaribio mengi ya panya, watafiti huchanganya sesamini safi kwenye chakula kwa kiwango cha nusu asilimia. Inasikika ndogo. Lakini mtu mzima anayekula nusu kilo ya chakula kikavu kwa siku, ili afikie kiwango hicho, angehitaji gramu 2 na nusu za sesamini. Mafuta ya ufuta yasiyosafishwa kiwandani huwa na sesamini kiasi cha nusu gramu hivi katika kila gramu 100, ingawa mbegu na mbegu hutofautiana sana. Ili upate gramu 2 na nusu, itakubidi unywe nusu kilo ya mafuta kwa siku. Hakuna tumbo linaloweza, na ukiweza utakuwa umejitafutia maradhi mengine, maana kijiko kimoja tu cha chakula kina kalori kama 120.

Halafu kuna suala la safari ya sesamini yenyewe baada ya kumezwa. Sehemu kubwa yake haifiki kwenye goti ikiwa nzima. Ini huibadili umbo mara inapopita. Sehemu nyingine hufika kwenye utumbo mpana, na bakteria wa huko huigeuza kuwa kitu kingine kiitwacho enterolaktoni. Vitoto hivi vya sesamini navyo vina kazi zao, na baadhi vinaonekana kuwa na nguvu kuliko mama, lakini maana yake ni kwamba huwezi kuchukua jaribio la chembe zilizolowekwa sesamini ndani ya kisahani cha maabara ukasema hivi ndivyo itakavyokuwa kwa mama mwenye goti bovu kule Nachingwea.

Ndiyo maana majaribio ya watu yana thamani kuliko yote, na ndiyo machache kuliko yote. Nitayataja mawili ya kula, kwa makusudi, kwa sababu hayakubaliani.

Huko Perth, Australia, watafiti waliwapa watu wanene 33 gramu 25 za ufuta kila siku kwa wiki tano, na katika kipindi kingine wakawapa chakula kisicho na ufuta, kisha wakalinganisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Enterolaktoni ilipanda katika miili yao, ishara kwamba ufuta umeingia na umefanyiwa kazi. Lakini vipimo vya uvimbe katika damu havikutikisika. Wala shinikizo la damu. Wala kolesteroli. Watafiti waliandika waziwazi kwamba hawakuona faida.

Huko Tabriz, Iran, wagonjwa 50 wenye magoti yaliyolika waligawanywa makundi mawili. Wote waliendelea na dawa zao za kawaida, lakini kundi moja liliongezewa gramu 40 za ufuta kwa siku, kwa miezi miwili. Maumivu ya waliokula ufuta yalipungua zaidi, na hali yao ya kutembea ikawa nafuu. Hilo lilichapishwa mwaka 2013. Ni habari njema, ila lazima niseme kwamba anayekula gramu 40 za ufuta anajua kwamba anaula, na maumivu ni jambo linaloathiriwa sana na matumaini ya mgonjwa. Watu 50 ni mwanzo. Na angalieni, wote wawili, wa Perth na wa Tabriz, walitumia mbegu, na mbegu ina mengi zaidi ya mafuta.

Mimi hukumu yangu ni kwamba kwa njia ya mdomo, mafuta ya ufuta ni chakula kizuri kinachosaidia kidogo na polepole. Si dawa ya kumeza.

Kwa njia ya ngozi mambo yananivutia zaidi. Bibi zetu wa pwani hawakuwa wakimnywesha mtu kikombe cha uto ili goti lipoe. Waliyapasha moto kidogo, wakayapaka, wakakanda. Na majaribio ya Iran, ambako wauguzi wameyachukulia mafuta haya kwa uzito mkubwa, yanaelekea upande huohuo. Katika jaribio moja, watu 150 waliofika hospitali wakiwa wameumia mikono au miguu waligawanywa: wengine walikandwa taratibu kuzunguka sehemu iliyoumia kwa mafuta ya ufuta, wengine wakakandwa bila mafuta. Waliopakwa walisikia maumivu pungufu na wakahitaji dawa chache za kutuliza. Jaribio jingine, la mwaka 2019, liliyashindanisha mafuta ya ufuta ya kupaka na jeli ya diklofenaki kwa wagonjwa wa magoti, bila wagonjwa wala waliowapima kujua nani anapaka nini, na mafuta hayakuachwa nyuma. Jaribio la tatu lilihusu wagonjwa wa saratani, ambao mishipa ya mkononi huvimba na kuuma kwa sababu ya dawa kali wanazotundikiwa. Waliopakwa mafuta ya ufuta mishipa yao ilivimba kwa nadra zaidi. Hili la mwisho linanigusa, kwa kuwa yeyote aliyewahi kukaa pembeni ya kitanda cha mgonjwa anayepata dawa hizo anajua muuguzi anavyohangaika kutafuta mshipa usiouma.

Kwa nini ngozi? Mafuta yakipakwa hayapiti kwanza kwenye ini. Yanabaki karibu na mahali yanapotakiwa. Na kukanda kwenyewe kunasaidia, ndiyo maana lile jaribio la watu 150 lilifanya vizuri kuwakanda wote.

Sasa, si kila chupa inayoandikwa ufuta ina vitu hivi kwa kiasi kimoja, na hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo mnunuzi anaweza kufanya jambo.

Nenda kwenye mashine ya kukamulia utazame. Mbegu inamiminwa juu, parafujo nene la chuma linazunguka na kuisukuma ndani ya kibanio kinachozidi kuwa chembamba, na kwenye matundu ya ubavuni mafuta yanachuruzika, ya moto kidogo, yenye rangi ya asali na yenye ukungu. Mbele yanatoka mashudu, vipande vyembamba vikavu vinavyojikunja kama gome. Mafuta hayo yakiachwa kwenye ndoo siku mbili tatu, tope linatuama chini na juu yanabaki yanayong'aa. Hayo yana sesamini na sesamolini yake yote iliyokubali kutoka. Yakipelekwa kiwandani yakasafishwa kwa udongo wenye asidi, yakaondolewa rangi, yakapigwa mvuke kuondoa harufu, sehemu ya sesamini hubaki, lakini sesamolini huvunjika karibu yote. Baadhi yake hugeuka kuwa sesaminoli, ambayo nayo ni mlinzi mzuri wa mafuta, na baadhi hupotea. Sisemi mafuta yaliyosafishwa ni mabaya. Nasema ukitafuta lignani, tafuta yaliyokamuliwa tu na kuchujwa.

Na mashudu, ambayo wengi hulisha kuku na ng'ombe? Humo mnabaki lignani nyingine zilizoungana na sukari, ambazo haziyeyuki kwenye mafuta na kwa hiyo haziwezi kutoka na mafuta hata uyakamue vipi. Anayekula kashata za ufuta, au mkate wa ufuta wa Unguja mwezi wa Ramadhani, anazipata hizo. Anayekunywa mafuta hazipati. Kama ningelazimika kuchagua kati ya kijiko cha mafuta na konzi ya mbegu zilizokaangwa kidogo na kusagwa, ningechukua mbegu.

Kuna mambo matatu ya tahadhari, na ninayasema kwa moyo wangu wote.

La kwanza ni mtoto. Mtoto au kijana aliyeumwa koo, kisha baada ya wiki mbili tatu viungo vikaanza kuvimba na kuuma kwa kuhamahama, leo goti, kesho kiwiko, huyo hapakwi uto akalazwa. Huenda ni homa ya baridi yabisi, na wakati goti linapoa lenyewe, vali za moyo zinaharibika kimya kimya. Ugonjwa huo bado unaua vijana wetu katika nchi hizi, na tiba yake ya mwanzo ni penisilini. Mkimbizeni hospitali. Kadhalika kiungo kimoja kilichovimba ghafla kikawa cha moto pamoja na homa kali, kwa mtu wa umri wowote, hicho ni cha daktari siku hiyohiyo.

La pili ni mzio. Wapo watu ambao chembe chache za ufuta huwavimbisha midomo na kuwabana pumzi. Si wengi, lakini wapo, na Marekani tangu Januari 1, 2023 sheria inalazimisha ufuta utajwe kwenye vifurushi vya chakula, kama vile karanga na maziwa. Kwao, mafuta yaliyokamuliwa bila kusafishwa ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu yana mabaki ya protini ya mbegu. Anayeanza kuyapaka, apake kwanza kipande kidogo cha mkono na angoje.

La tatu ni kuacha dawa. Mtu mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu, au mwenye ule ugonjwa wa viungo ambamo kinga ya mwili inajishambulia yenyewe na kuvipinda vidole, asimsikilize muuzaji anayemwambia atupe vidonge. Wale wa Tabriz walikula ufuta na vidonge vyao wakameza.

Baada ya hayo niseme kuhusu shamba, kwa kuwa mafuta haya hayaanguki kutoka mbinguni. Tanzania ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa ufuta Afrika. Lindi, Mtwara na Ruvuma ndiko unakosikika zaidi, na Dodoma na Singida wanalima pia. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimewapa wakulima mbegu bora kama Ziada 94 na Lindi 02. Ni zao la taabu. Vidumba vyake vikikauka hupasuka vyenyewe na kumwaga mbegu chini, ndiyo maana mkulima huukata ungali na ukijani, akaufunga miganda, akaisimamisha wima ikaukie hivyo, kisha akaipindua juu ya turubai na kuipiga taratibu. Ukichelewa siku chache umelisha ndege na mchwa.

Na baada ya taabu hiyo, sehemu kubwa ya mbegu inapita kwenye maghala ya ushirika na minada, inapakiwa magunia na kwenda China, India, Japani na kwingineko ikiwa mbichi. Jambo hili si geni kwetu. Katika karne ya 19 meli za Wafaransa zilikuja Unguja kupakia ufuta wa kwenda kukamuliwa Marseille, na mashamba ya Malindi na ya bara ya Lamu yaliyoulima yalilimwa kwa jasho la watumwa. Kilichobaki nyumbani kilikamuliwa na ngamia aliyefungwa macho, akizunguka kinu kutwa. Leo hakuna mtumwa shambani, alhamdulillahi, lakini mzee wa Ruangwa anayelima ufuta bado anaweza kupikia mafuta ya mawese yaliyotoka ng'ambo, kwa kuwa ndiyo anayoyamudu, na gunia lake linakwenda kuwa mafuta na vidonge vya sesamini kwenye maduka ya Japani, ambako vidonge hivyo vinauzwa ghali kwa wazee wenye magoti kama yake.

Sisemi tusiuze nje. Fedha ya ufuta imejenga nyumba na kusomesha watoto kusini, nami nimeziona nyumba hizo. Ninachotamani ni kwamba bei ya mnadani isiangalie usafi, unyevu na rangi ya mbegu tu. Mbegu hutofautiana kwa kiasi cha mafuta na kwa kiasi cha sesamini. Mnunuzi wa mbali anaweza kuvipima vyote viwili akifika kwake, na faida ya kujua ikawa yake peke yake. Vyuo vyetu vina mashine za kupimia kemikali za aina hii. Mkulima wa Liwale angeambiwa kwamba ufuta wake una sesamini nyingi kuliko wa jirani, angekuwa na neno la kusema siku ya mnada.

Na ninyi wenye mashine ndogo za kukamulia, nina ombi kwenu msimu huu. Safisheni mtambo kabla ya kuingiza ufuta, ili mabaki ya alizeti ya jana yasichanganyike nao. Msiongeze mafuta ya bei nafuu ili ndoo ijae, maana mama anayenunua kwa ajili ya mgonjwa wake anakuamini. Yaacheni yatuame, myachuje, myatie kwenye chupa yenye rangi au muyaweke mbali na jua, na mwandike tarehe ya kukamua na mahali mbegu ilikotoka. Mnunuzi naye akifika nyumbani ayamwagie juu ya mboga au maharage yakiwa yameshaepuliwa, kijiko kimoja au viwili kwa siku kikiwa ndani ya mafuta anayotumia kila siku, si juu yake. Na goti likiuma jioni, ayapashe vuguvugu, si ya moto wa kuunguza, akande kwa dakika kumi, kisha asubuhi aende zahanati akapimwe goti hilo lina nini.